Wani Hai Malakal

Nyinyi wa bweni, nimechoka kusimulia kwa vipande. Asubuhi namwambia mmoja habari za fisi, jioni mwingine ananijia akiwa amesikia kwamba nyanya yangu aliolewa na fisi huko Juba. Kwa hivyo naandika yote mara moja, mpitishiane. Na wewe Yar, deski mwenzangu, ujue mapema kwamba mengi ya haya ni makosa yako.

Tuanze na simu.

Nyanya, mnayemjua kwa mandazi anayoleta siku ya wazazi, si mtu wa Kitale wa kuzaliwa. Ni Mbari, wa kijiji kimoja karibu na Juba. Vita vya zamani vilimkuta akiwa mtoto asiye na meno ya mbele. Watu wakakimbia, mama mmoja jirani akamshika mkono, wakavuka mpaka Uganda. Kaka yake, Wani, alishikwa na mtu mwingine akaenda upande mwingine, na hawakuonana tena. Nyanya akakulia Uganda, akaolewa na babu yangu, fundi wa cherehani wa Kitale, akasahau karibu kila kitu cha kwao isipokuwa Kibari cha kitoto. Wazazi wake, wajomba, mashangazi, wote alishapata habari zao, na zote zilikuwa habari za aina moja. Wani peke yake ndiye aliyebaki bila habari.

Sasa, jirani yetu Barasa huendesha lori la mahindi mpaka Juba. Nyanya alimwomba amuulizie. Siku moja tunakula, simu ikalia, mtandao mbovu, sauti ya Barasa inakuja kama mtu aliye ndani ya pipa: "Mama, nimeuliza wapakiaji wa hapa. Wanasema Wani hai Malakal." Kisha kimya. Simu yake ikazimika na haikuwaka tena.

Nyanya aliweka kijiko chini taratibu. "Wani hai," akasema. "Yuko Malakal."

Mama akapiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaanza kulia. Baba akafungua ramani kwenye simu, tukaitafuta Malakal. Iko kaskazini kabisa, Juba unaipita na bado una kipande cha mto cha kukuzeesha. Mama akasema tumngoje Barasa arudi. Nyanya akasema amengoja tangu ana meno ya maziwa, na sasa meno aliyonayo ni ya kununua.

Baba alikuwa na kazi, Mama alikuwa na mdogo wangu mwenye tetekuwanga. Mimi nilikuwa likizo, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimetangaza nyumbani kwamba najua Kiarabu cha Juba. Kiarabu chote nilichokuwa nacho ni cha Yar, ambaye kwao ni Sudan Kusini: "kef," ambayo ni habari yako, "kwes," ambayo ni nzuri, na tusi moja ambalo siliandiki kwa sababu naijua mikono ambayo karatasi hii itapitia. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkalimani.

Kitale hadi Kampala

Nyanya hufunga chakula cha safari kana kwamba huko tuendako watu hawali. Mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, maparachichi, chupa ya chai, na mfuko wa unga wa wimbi wa kumpelekea Wani, ambao ulipasuka kabla hatujafika Webuye. Kuanzia hapo mimi na yeye tulikuwa na rangi ya tofali.

Njia nzima alifanya mazoezi ya kukutana na kaka yake. Tukitoka Kitale alikuwa amepanga kulia. Tukipita Bungoma kilio kilikuwa kimegeuka malalamiko: mtu una dada mmoja duniani, unashindwaje kumtafuta? Tulipovuka mpaka pale Malaba alikuwa ameamua kumpiga kofi.

"Moja tu," alinieleza. "Halafu namkumbatia."

Mzee mmoja wa Kiganda, aliyevaa koti la suti juu ya jezi ya mpira, aligeuka kutoka kiti cha mbele. Alikuwa anasikiliza muda wote. "Mama, hapana piga kwanza," akasema. "Uliza kwanza kama iko na presha. Watu ya umri yetu naanguka tu."

Nyanya akafikiri. "Na kama hana presha?"

"Kama hapana presha, piga."

Basi zima likaingia kwenye kesi. Wanawake wa viti vya nyuma walisema kofi lipigwe baada ya chai, si kabla, maana baada ya kofi hakuna atakayekuletea chai. Kondakta alitaka kuwe na mashahidi. Tunaingia Kampala, Wani alikuwa ameshahukumiwa na watu ambao hawajaona hata picha yake.

Kampala tulikula roleksi, ile chapati inayokunjwa na mayai ndani. Nyanya alimwambia muuzaji kwamba kwetu yai huwekwa kando ya chapati kwa adabu. Kisha akaagiza nyingine.

Kampala hadi Nimule

Gulu tulikaa muda mrefu kwa sababu dereva alisema anaenda kumsalimia mama mkwe kidogo. Nilidhani abiria watamrarua. Hakuna aliyekasirika. Aliporudi alikuwa amebadilisha shati, na basi zima likamuuliza kama mama mkwe hajambo.

Nimule ni upande wa Sudan Kusini, mara tu baada ya mpaka. Pale tairi likaisha pumzi, tukashuka, na Nyanya akaona wakati wa mkalimani wake umefika. Kulikuwa na mama anauza ndizi kando ya barabara.

"Muulize Malakal ni siku ngapi kutoka hapa."

Nikasimama mbele ya yule mama, nikasema, "Kef. Malakal?" na kuinua nyusi kwa namna ya kuuliza siku ngapi. Akanitazama, akamtazama Nyanya, akasema polepole ili nielewe: "Ana ma arufu."

"Amesema nini?" Nyanya akauliza.

Shida ni kwamba nilisikia kila neno vizuri. "Amesema ana harufu."

"Nani?"

"Wewe. Nadhani anakuheshimu, hataki kukuambia usoni, ndiyo maana anakusema kama haupo."

Nyanya yangu huoga mara mbili kwa siku hata maji yakiwa ya kununua. Akajinusa bega moja, akajinusa la pili. Tukaenda kwa muuza njugu, nikauliza vilevile. Muuza njugu akatikisa kichwa kwa huruma: "Ana ma arufu."

"Sasa si mtu mmoja," Nyanya akasema kwa sauti ndogo.

Alinunua sabuni ya kipande na dumu la maji, akaenda kuoga nyuma ya kibanda huku mimi nimeshika leso kama pazia, na basi zima likimngoja, tairi limeshafungwa. Mzee wa Kiganda alimwambia kondakta aache kupiga honi, mama anajiandaa kukutana na kaka yake. Mpaka Juba tulinuka kama nguo zilizoanikwa.

Juba

Kuingia Juba sikukuona. Nililala, nikaamshwa ng'ambo ya daraja nikiwa na unga wa wimbi mdomoni.

Tulifikia Atlabara, kwenye nyumba ya wageni ya Mganda mmoja anayeitwa Mama Sanyu. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo dada wa jikoni, Mjuba, mpole sana, ambaye alituona tumekauka akauliza: "Ita deru moyo barid?"

"Anasema moyo," nikamwambia Nyanya. "Anauliza kama una moyo baridi. Yaani kama umekata tamaa."

Nyanya akaguswa. "Mwambie moyo wangu una moto. Moto kabisa."

Nikaonyesha kifua cha Nyanya, nikaonyesha jiko linalowaka, nikasema, "Moyo, moto," nikaongeza "kwes" ya Yar ili ikolee. Yule dada alishangaa kidogo, akaenda, akarudi na vikombe viwili vya maji yaliyochemka. Tukayapuliza na kuyanywa, kwa joto lile la Juba, tukidhani ndiyo mila.

Kisha akaleta mchuzi wa bamia, na pembeni vitu vyembamba vilivyokunjwa vizuri, laini, vya kahawia. Nikamsifu moyoni kwa usafi, nikachukua kimoja, nikajifuta mikono na shingo. Kilikuwa kisra, chakula chenyewe, mkate mwembamba wa mtama. Nilikuwa nimejifuta shingo kwa ugali wa watu.

Hapo ndipo Mama Sanyu alipoingia. Dada wa jikoni akamweleza yote, na Mama Sanyu akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe mtoto," akasema, "moyo hapa ni maji. Alikuuliza kama nataka maji baridi."

Nyanya akanigeukia. "Na ana ma arufu?"

"Hiyo ni sijui tu," akasema Mama Sanyu. "Ana ni mimi. Ma arufu, hapana jua."

Kwa hiyo watu wa Nimule hawakujua Malakal ni siku ngapi, na kwa kutojua kwao nyanya yangu alivua nguo nyuma ya kibanda. Hakunisemesha mpaka alipomaliza kula. Akala kisra yote, pamoja na ile niliyojifutia, ili nione.

Soko la Konyo Konyo

Mama Sanyu alituelekeza kwa Abdi, Msomali wa Garissa mwenye duka la jumla sokoni, ambaye hupeleka bidhaa Malakal kwa mashua. Nyanya aliposikia Kiswahili chake alikaribia kumkumbatia.

"Karibu mama, karibu dada. Watu wa wapi?"

"Kitale."

"Basi mko nyumbani. Leteni chai hapa."

Tukaketi juu ya magunia ya sukari. Abdi akaanza kueleza habari za mashua: inavyojazwa, inavyongoja, inavyokwama kwenye magugu, watu wanavyolala juu ya unga. Nyanya alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu lakini atakata rufaa.

"Na huko Malakal mnaenda kwa nani?"

"Kwa kaka yangu. Tumeambiwa yu hai."

"Nani aliwaambia?"

Mimi nikajibu, kwa sababu nilikuwa nimeyakariri. "Jirani alipiga simu. Akasema, Wani hai Malakal."

Abdi aliacha kukoroga chai. "Hebu rudia, dada. Vile vile alivyosema, usiongeze."

"Wani hai Malakal."

"Alisema Wani yuko hai, yuko Malakal? Ama alisema Wani, Hai Malakal?"

"Tofauti ni nini?"

"Tofauti ni mashua," akasema Abdi. "Hai kwa lugha ya hapa ni mtaa. Hai Malakal ni mtaa hapa hapa Juba, ukipanda boda chai yako haijapoa. Kuna Hai Malakal, kuna Hai Cinema, kuna Hai Referendum."

"Hata sinema iko hai?" nikauliza.

"Sinema yenyewe sijawahi kuiona. Mtaa uko."

Mimi nilicheka mpaka nikateleza kwenye gunia. Kumbe tulitaka kupanda mashua kumfuata mtu wa mtaa wa pili. Abdi naye akacheka, na wapakiaji wake wakacheka bila kujua kwa nini. Kisha nikaona Nyanya hacheki.

"Kwa hivyo huyo mtu hakusema Wani ni mzima," akasema.

Abdi akafuta uso. "Hakusema, mama. Alisema tu anakokaa."

"Ama alikokuwa anakaa."

Abdi akamwongezea sukari, ingawa kikombe kilikuwa kimeshakwisha.

Hai Malakal

Abdi alituitia mwendesha boda anayemwamini, Okello, Mwacholi wa Gulu mwenye kofia ya sufu kwa jua lile. "Mimi iko najua hiyo mahali vizuri," alisema. Nyanya akakaa katikati, mimi nyuma, na Nyanya akamshika Okello masikio badala ya kiuno.

Tulisimama mtaani mbele ya ua la kwanza lililokuwa wazi, lenye tukul kadhaa, zile nyumba za msonge, na watu wamekaa kivulini. Nikapaza sauti: "Wani?"

Mwanamume aliyekuwa ananyoa ndevu akainua mkono. Kijana aliyekuwa anafua akageuka. Ndani ya tukul sauti ikaitika. Mtoto mdogo sana, uchi, akaja mbio na kunishika gauni.

Okello akaniambia kwamba kwa Wabari Wani ni jina la mvulana wa tatu kuzaliwa. Kila nyumba yenye wavulana watatu ina Wani wake. Kumtafuta Wani Juba ni kama kusimama getini kwa shule yetu na kuuliza kama kuna msichana anayeitwa kitinda mimba.

Nikamgeukia Nyanya. "Ulijua hili?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Kijijini kwetu walikuwa wachache. Tulikuwa tunawajua kwa masikio." Akavuta leso yake. "Na Kitale yuko mmoja tu, huyu ninayemtaja."

Tukaenda ua hadi ua. Mnyororo wa pikipiki ukachomoka, Okello akabaki nyuma kuufunga, na mimi na Nyanya tukaingia peke yetu penye mwanamke mzee aliyekuwa anabangua karanga. Nikamwonyesha Nyanya, nikaonyesha mvi zake, nikasema, "Wani?"

Mzee akaweka ungo chini. "Wani mutu," akasema. "Mutu zaman."

Safari hii nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeshamsikia Okello, na hata mzee wa koti kwenye basi, wakisema mutu mahali sisi tunasema mtu.

"Nyanya," nikasema, "anasema Wani ni mtu wa zamani. Anamjua."

Nyanya alipiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia hata harusini. Alifungua leso akaifunga kiunoni, akacheza. Magoti yale ambayo hayapandi ngazi za kanisa yalicheza. Akamshika yule mzee mikono akamwinua, akamzungusha, karanga zikamwagika. Wanawake wakatoka nyumba zote. Nikangoja wajiunge. Hakuna aliyejiunga. Mzee akaanza kulia, nami nikasema hayo ni machozi ya furaha.

Okello akaingia na grisi mikononi. "Nekesa, kwa nini mama iko nacheza?"

"Tumempata Wani. Mutu zaman."

Okello akaziba mdomo wake kwa mkono ule ule wa grisi. Akanivuta kando. "Hiyo mutu hapana mtu," akasema. "Kwa lugha ya hapa, mutu ni kufa. Nasema alikufa. Zamani."

Mimi ndiye niliyetafsiri vibaya, kwa hivyo mimi ndiye niliyepaswa kutafsiri vizuri. Nilienda nikamshika Nyanya mkono katikati ya mzunguko na nikamwambia. Aliendelea kucheza hatua kadhaa, kama feni iliyozimwa. Kisha akaketi chini mavumbini.

Alilia kwa Kibari. Sijui alisema nini. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo, si ya nyanya yangu. Watu wa ua lile, walipoona mchezaji sasa analia, wakatulia. Sasa alikuwa anafanya kinachofanywa. Wakamtandikia mkeka, wakamletea maji baridi, wakaketi wakalia naye. Mimi nililia pia, na nikajilaani, na nikamlaani Yar kwa lile tusi lake.

Kisha kijana mmoja akatoka tukulini na picha ya marehemu kwenye fremu, akampa Nyanya kwa mikono miwili. Nyanya akapangusa macho, akaitazama. Akaitazama tena. Ilikuwa picha ya kijana mwenye misuli, amevaa glavu za kipa, amedaka mpira.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Wani," Okello akamtafsiria. "Golikipa ya mtaa. Alianguka na malaria, alikuwa bado kijana."

Nyanya aliacha kulia katikati ya kilio, mdomo bado wazi. Akamtazama yule mzee, ambaye alikuwa mama wa kipa, na ambaye yeye Nyanya alikuwa amemzungusha kwa furaha mbele ya nyumba yake. Mtu mwingine angesimama aondoke kwa aibu. Nyanya akamrudishia picha, akamwinamia, akarudi kwenye mkeka akalia tena, safari hii kwa ajili ya golikipa, kwa heshima, mpaka mama wa kipa mwenyewe akamwambia inatosha.

Ndipo akamwomba Okello aulize habari za Wani mwingine, mzee, anayetoka kijiji fulani, anayesema sana.

Mama wa kipa akafuta machozi. Angeambiwa mapema, akasema, angejua ni Wani Redio. Alikuwa fundi wa redio, alikaa pale kwenye kona miaka mingi, kisha binti yake akamhamishia Gumbo.

Nyanya akafungua mdomo kuuliza, akaufunga. Okello akauliza kwa niaba yake: bado ni mzima?

"Ana ma arufu," akasema mzee.

Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Gumbo

Gumbo ni ng'ambo ya mto, upande ule ule tulioingilia. Maana yake tulimpita njiani nimelala. Darajani, zile hotuba zote za Nyanya za kutoka Kitale, kofi na mashahidi, hazikusikika tena. Aliniuliza tu kama leso yake ina vumbi. Ilikuwa na vumbi la kaunti na wilaya zote tulizopita. Nikamwambia haina.

Hatukuhitaji kuuliza nyumba. Tulisikia redio kutoka barabarani, kwa sauti ya juu kabisa, na mtu anabishana nayo. Mtangazaji akisema neno, mzee anajibu. Okello akazima pikipiki. Uani kulikuwa na mzee mrefu, mwembamba, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo, ameinyoshea kidole spika. Kando yake mwanamke anakuna muhogo.

Yule mwanamke alikuwa binti yake, Keji. Alikulia kambini Uganda na Kiswahili anakijua, kwa hivyo maneno yanayofuata ni tafsiri ya mtu mwenye akili zake.

Mzee alituona akasema bila kusimama: "Kama ni betri, njooni kesho."

Nyanya alisimama getini. Akasema kwa Kibari, "Ni mimi. Kiden."

"Kiden yupi?"

"Kiden wa mama yako."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Kiden alikufa," akasema, akarudi kwenye redio.

"Nani alikuambia?"

"Watu waliotoka Uganda. Walisema ugonjwa ulimaliza watoto wote wa lile kundi. Wewe unatafuta nini kwa jina la dada yangu?"

Keji alikuwa ananitafsiria kwa kunong'ona, kisu cha muhogo bado mkononi. Nyanya hakusogea.

"Kama wewe ni Kiden," mzee akasema, "mbwa wetu aliitwa nani?"

"Hatukuwa na mbwa," Nyanya akasema. "Kulikuwa na fisi aliyekuja kuiba kuku. Wewe uliwaambia watoto wote kijijini kwamba ni mbwa wako, na kwamba huja usiku kwa sababu ana haya."

Mzee akanyoosha mkono, akazima redio.

"Sijawahi kuona anaizima," Keji akaniambia. "Hata padri akija."

Sitaandika walivyoshikana. Okello aligeuka akajifanya anakagua tairi, na mimi nilikagua nalo. Tuliporudi walikuwa wameketi juu ya benchi moja, wameshikana mikono, na tayari wanagombana.

"Nilikufanyia matanga," Wani alikuwa anasema. "Nilichinja mbuzi."

"Mbuzi," akasema Nyanya.

"Dume. Mkubwa."

"Dada mmoja duniani. Mbuzi."

"Ulitaka nini?"

"Nauliza tu. Nani alilia?"

"Mimi nililia. Watu wakadhani nalilia mbuzi, kwa sababu nilikuwa nampenda."

"Na wengine?"

"Wengine walikula."

Jumapili yangu ya mwisho huko, Nyanya alikuwa ameshasema yeye harudi mpaka Krismasi. Tulienda kanisani, na baada ya matangazo Wani akasimama kwenye benchi. Akawauliza wote waliokula matanga ya dada yake wainue mikono. Mikono ikainuka kwa wasiwasi. Akamwonyesha Nyanya, akasema matanga yamefutwa, marehemu ni huyu.

Muuza nyama mmoja akasema kwa sauti, "Basi mimi nilikula mguu wa nani?"

Kanisa likaanguka kwa kicheko. Lakini mchana, tumeketi uani, yule muuza nyama akaja na mguu wa mbuzi begani, akaulaza juu ya meza ya redio. "Wa kwako," akamwambia Nyanya. "Sikujua uko njiani." Kwa kuona hivyo, mwingine akaleta ubavu. Mama mmoja akaleta maini kwenye sufuria. Mzee aliyesema kwamba siku ile alipata supu tu akaleta chumvi. Mpaka jua linaanza kulegea mbuzi alikuwa karibu amekamilika, isipokuwa kichwa, kwa sababu aliyekula kichwa amehamia Arua.

Keji na wanawake wakapika. Sahani ya kwanza ikapewa Nyanya. Watu wote wa matanga yake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimtazama anavyotafuna, na Wani amesimama nyuma yake kama mpishi anayengoja matokeo.

Nyanya akameza, akajifuta mdomo kwa kisra, akaila.

"Nimekula matanga ya watu wengi," akasema. "Haya ndiyo ya kwanza ambayo nyama imeiva."